Waraka wa Januari kwa walimu wenzangu wa madarasa ya awali

Ndugu wanachama, walimu wa awali, walezi wa vituo na wazazi mliojiunga nasi,



Nawaandikia shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu huu ndio wakati pekee wa mwaka ambao mwalimu wa awali anaweza kukaa akafikiri bila kuvutwa gauni na watoto 60 kwa pamoja. Januari tutapokea wapya. Wengi watakuwa na miaka 5, wengine 4, na wamo watakaoongezewa umri na wazazi wao ili mama apate kwenda gengeni. Mambo yakienda kwa mazoea, tutawaketisha kwa mistari, tutawaambia wafunge midomo, tutaandika irabu ubaoni nao watazikariri kwa sauti mpaka kengele. Ikifika Machi mzazi atakuja kuuliza mbona mwanawe hajaanza kusoma ilhali wa jirani anataja wanyama 20 kwa Kiingereza. Nasi, kwa hofu ya kumpoteza mtoto na ada yake, tutamwongezea kazi za kufanya nyumbani.

Naomba mwaka huu tuyaache mazoea hayo. Ombi lenyewe ni dogo: katika darasa la kila mwanachama, kila siku ya masomo, iwepo saa moja ambayo mtoto anachagua mwenyewe kazi ya kufanya, na katika saa hiyo mwalimu anatazama, anasikiliza, na anaandika alichokiona. Sababu zangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Najua jibu litakalotangulia, maana nimelisikia karibu katika kila semina: hayo ni mambo ya Ulaya, ya shule zenye mazulia na midoli ya bei mbaya, sisi tuna chaki na sakafu. Basi turudi yalikoanzia, tuone kama palikuwa na zulia.

San Lorenzo, mjini Roma, mwaka 1907, ulikuwa mtaa wa vibarua. Kampuni iliyokuwa imekarabati majengo ya huko iliona kwamba baba na mama wakishakwenda kazini, watoto wasiofikia umri wa shule wanabaki wakizurura kwenye ngazi na kuharibu kuta. Ikapiga hesabu, ikaona ni nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja na kumlipa mtu wa kuwaangalia. Aliyeombwa kusimamia ni Maria Montessori, daktari, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili na kuwatengenezea vifaa vya kushikashika, hadi baadhi yao wakafaulu mtihani uleule wa watoto wengine wa shule. Chumba kilifunguliwa tarehe 6 Januari. Aliyewekwa kukaa na watoto kutwa hakuwa amesomea ualimu.

Yako mambo mawili ya chumba kile ambayo ningependa kila mwanachama ayajue vizuri. La kwanza ni la binti mmoja wa miaka kama 3. Alikuwa na kipande cha mbao chenye matundu, pamoja na vigingi vya mviringo vya unene tofauti, kila kimoja na tundu lake. Anavichomoa, anavichanganya, anavirudisha kila kimoja mahali pake, anaanza tena. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumba; binti hakuinua macho. Akakinyanyua kiti pamoja na binti juu yake, akakiweka juu ya meza. Binti akavikusanya vitu vyake mapajani akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa hiari yake, ameridhika. Sisi tumezoea kusema kwamba mtoto wa umri ule hawezi kutulia na kitu kimoja kwa dakika 5. Hawezi kutulia na kitu tulichomchagulia sisi, kwa muda tuliompangia sisi.

La pili ni la kabati. Vifaa vilikuwa vikifungiwa kwenye kabati refu, na mlezi ndiye aliyekuwa akivigawa. Siku moja kabati lilisahauliwa wazi. Watoto wakajichukulia kila mmoja alichokitaka, wakaenda wakafanya kazi. Montessori hakuwagombeza. Aliona kwamba wanajua wanachokitafuta, na tangu hapo vifaa vikawekwa kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia. Hapo kila mmoja wetu ajiulize zana zake ziko wapi. Nimefika kwenye shule ambazo kadi za herufi, vijiti na vibao vya maumbo vimefungiwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, vinatolewa siku wanapokuja wathibiti ubora, vikirudishwa jioni bila hata alama ya kidole cha mtoto. Kuvishusha chini hakuhitaji bajeti.

Nikitaja jina hilo la Montessori, nawaomba tusichanganye mambo. Yeyote anaweza kulibandika kwenye kibao cha shule, na mijini kwetu limebandikwa hadi kwenye shule ambazo watoto wa miaka 4 wanapangwa nafasi ya kwanza hadi ya mwisho na wanachapwa viganja. Kwa upande mwingine, watawa Wakatoliki wamewafundisha walimu wa Kitanzania njia hii kwa miaka mingi, Msimbazi jijini Dar es Salaam na kule Lushoto, na baadhi yenu mmepita mikononi mwao. Nyinyi mnajua kwamba walimu wale hufundishwa kutengeneza vifaa kwa mikono yao. Naomba muwasaidie wenzenu wa jirani ambao hawakupata nafasi hiyo.

Lakini ningependa zaidi tuitazame India, kwa sababu hali yao ilifanana na yetu. Gijubhai Badheka alikuwa Mgujarati aliyewahi kuja huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1907 kutafuta riziki, akarudi kwao akasomea sheria, akawa wakili. Alipopata mtoto wake mwenyewe akaanza kusoma vitabu vya malezi, akakutana na maandishi ya Montessori, na mwaka 1920 akafungua shule ya watoto wadogo mjini Bhavnagar. Alitumia hadithi, nyimbo, maigizo ya kienyeji na matembezi, na alipinga fimbo waziwazi katika nchi na wakati ambao fimbo ilikuwa ndiyo mwalimu.

Aliyefanya naye kazi pale ni mama mmoja aitwaye Tarabai Modak. Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika waraka huu. Baadaye alihamia vijijini, pwani ya Maharashtra, mahali paitwapo Bordi, akafungua kituo mwaka 1945 akisaidiana na Anutai Wagh. Watoto wa familia duni, wale wa makabila ya msituni na wa tabaka lililotengwa, hawakuja. Wengine walikuwa wachafu, wengine walikuwa wanalea wadogo zao, wengine wazazi wao hawakuona maana. Mama Modak hakuandika barua kwa diwani kulalamika kwamba wazazi hawana mwamko. Aliwatuma walimu wake waende uani kwa watu, wakawaogesha watoto palepale, wakawachana nywele, kisha wakaanza kufundisha kwa kokoto, mbegu, majani, makombe na udongo wa mfinyanzi. Alipohamia Kosbad, mlimani kwa watu wa kabila la Wawarli, alikuta watoto wanaochunga ng'ombe mchana kutwa. Mwalimu akawafuata malishoni. Vifaa vya Montessori vilivyoagizwa vilikuwa ghali mno kwao, kwa hiyo walibuni vyao, na hakuna kilichopungua.

Serikali ya India ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa malezi ya watoto wadogo tarehe 2 Oktoba 1975, vituo vyake vilichukua jina la madarasa yale ya uani ya Mama Modak, na leo viko zaidi ya milioni 1. Ubora wake unatofautiana sana, na vingine ni mahali pa kugawia uji tu. Hata hivyo mzizi wake ni mwalimu aliyebeba kapu la kokoto kwenda kwenye ua wa mtu.

Na sisi pwani tuna la kwetu, ambalo nasikitika vijana wengi katika chama hiki hawalijui. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanaotoka chuo cha Kurani wanafika darasa la kwanza nyuma ya wenzao, na wazazi wengi hawakutaka kuwapeleka kwenye shule za chekechea wakihofia dini yao. Mwaka 1986 mpango wa Madrasa ukaanza Mombasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukiongozwa na mwalimu mwanamke, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ukavuka Zanzibar, na 1993 ukafika Kampala. Jamii yenyewe ndiyo iliyotoa jengo, mara nyingi chumba cha madrasa kinachokaa bure asubuhi, na ndiyo iliyowachagua wanawake wa mtaani wafundishwe ualimu, wengi wao wakiwa na elimu ya sekondari tu.

Njia waliyofundishwa ilitoka Marekani, mji wa Ypsilanti jimboni Michigan, ambako David Weikart na wenzake walianza mwaka 1962 kufanya kazi na watoto wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Kiini chake ni kwamba mtoto anapanga, anatenda, kisha anasimulia alichofanya. Asubuhi anamwambia mwalimu anataka kwenda kona gani, anakwenda, mwishoni anarudi kwenye duara na kueleza. Bi Swafiya na walimu wake waliichukua hiyo wakaivisha nguo za pwani. Katika kona ya nyumbani kulikuwa na vifuu, pakacha, mbuzi ya kukunia nazi na kanga. Hesabu zilikuwa za kauri na mbegu. Asubuhi ilianza kwa dua, na adabu ya mtoto wa Kiislamu ilifundishwa ndani ya shughuli zilezile za kucheza. Watafiti walipowalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, waliopita kwenye shule hizi waliwazidi waliobaki nyumbani, na waliwazidi pia waliosoma chekechea za kawaida. Kwa hiyo mtu akisema njia hizi haziendani na mila na dini zetu, mwambieni aulize Mombasa na Unguja.

Hapa lazima niseme ukweli wote, nisije nikawapa matumaini yasiyotimia. Utafiti wa Ypsilanti unatajwa sana kwa sababu watoto wake 123, 58 waliosomeshwa na 65 ambao hawakusomeshwa, walifuatiliwa hadi wakafika miaka 40, na wale waliosomeshwa walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Lakini mwalimu wa pale alikuwa na watoto 5 au 6, na kila wiki alimtembelea kila mtoto nyumbani. Mwongozo wetu hapa Tanzania unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na mnajua wenyewe mnao wangapi. Kudai walimu zaidi ni haki yetu na tutaendelea kudai, kwa barua na kwa vikao. Sikubali tu kwamba mpaka walimu hao wapatikane, watoto waliopo sasa wakae wakikariri.

Mwezi Septemba nilikaa asubuhi nzima kwenye darasa la mwanachama mwenzetu mmoja, shule ya serikali, watoto zaidi ya 70. Chumba hakiwatoshi, kwa hiyo saa ya kuchagua anaifanyia nje chini ya mwembe. Amechora kona 5 ardhini kwa majivu: ya kupika, ya kujenga, ya kuhesabu, ya kuchora na ya hadithi. Kila kona ina vijiti vyake, na kila mtoto anayeingia anachukua kimoja. Vijiti vikiisha, kona imejaa, mtoto anatafuta nyingine. Hakuna aliyepigana kwa muda niliokaa. Nilikaa karibu na kijana mmoja kwenye kona ya kuhesabu, mbele yake lundo la vizibo vya soda. Kwanza alivipanga kwa rangi. Akavitazama. Akavivuruga vyote, akaanza upya: upande huu vilivyopinda na kifungulio, upande ule visivyopinda. Akaja mwenzake akachukua kizibo kimoja kilichopinda kidogo tu, wakabishana kiende wapi, mwishowe wakakifungulia lundo la tatu. Mwalimu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yao. Hakusema kitu. Alitoa daftari mfukoni akaandika mstari mmoja. Wiki iliyofuata, aliniambia, alimpa kijana yule mawe ya mdako aone atayapangaje.

Kazi ya mwalimu katika saa ile ni nzito kuliko ya kusimama ubaoni, na ndiyo maana nasisitiza daftari. Walimu wa New Zealand wana utaratibu wa kuandika hadithi fupi za kujifunza kwa kila mtoto: alifanya nini, alisema nini, alipokwama alifanyaje, na mwalimu anafikiri afuatishe nini. Mzazi anaisoma, na mtoto anasomewa. Mji wa Reggio Emilia, Italia, nao umejulikana duniani kwa kuweka kumbukumbu za maneno na michoro ya watoto ukutani. Shule ya kwanza ya huko haikuanzishwa na matajiri. Vita vilipoisha mwaka 1945, wanakijiji wa Villa Cella waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakajenga shule kwa matofali ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo akapanda baiskeli kwenda kuhakikisha, akawakuta wanawake wanaosha matofali. Alibaki na kazi ya shule za huko hadi alipofariki mwaka 1994.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi ingawa jambo hili linanikera. Mwaka 1982 Wamaori wa New Zealand, wakiona lugha yao inakufa, walianza vituo ambavyo mabibi na mababu waliwalea watoto wadogo kwa Kimaori tupu. Sisi lugha yetu iko hai, mtoto anafika darasani ana maneno maelfu ya Kiswahili, au ya Kisambaa, Kigogo, Kisukuma, halafu tunamnyamazisha ili afundishwe kutaja rangi 6 kwa Kiingereza. Mtoto anayetakiwa kupanga na kusimulia anahitaji lugha anayoiota. Mkiwa na bibi mtaani anayejua hadithi na vitendawili, mwombeni aje mara moja kwa wiki. Zanzibar wamewahi kutumia hata redio: vipindi vya Tucheze Tujifunze viliwafikia watoto waliokuwa mbali na shule, wakiimba na kucheza wakiongozwa na mlezi wa kijijini kwao.

Sasa wazazi. Wengi wenu mtaniambia tatizo kubwa ni wao, na nakubaliana nanyi kwamba wanasukuma. Wanaona majirani, wanaogopa mwanao ataachwa. Waelezeni kwamba Finland, nchi inayosifiwa sana kwa elimu, mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7, na kabla ya hapo anacheza sana, nje, hata kwenye theluji. Lakini maelezo peke yake hayatoshi. Februari waiteni asubuhi moja wakae chini wacheze kwenye kona zilezile, kisha wakae pembeni wamtazame kila mmoja mwanawe kwa nusu saa bila kumsaidia. Baada ya hapo muwasomee mliyoyaandika daftarini. Mzazi akisikia mwalimu anamjua mwanawe kwa undani namna hiyo, hamtaulizwa tena habari za nafasi ya ngapi.

Wapo watakaohofu kwamba mtoto akichagua ataharibika tabia. Kumpa nafasi ya kuchagua si kumwacha. Chumba cha San Lorenzo kilikuwa na taratibu: kifaa ukikitoa unakirudisha, mwenzako akifanya kazi humsumbui, ukimwaga maji unafuta. Watoto wa chini ya ule mwembe walikuwa na zao, na walikuwa wakizikumbushana wenyewe. Hayo ndiyo malezi. Fimbo haina kazi hapo, na ninasema wazi kwa niaba ya kamati: mwanachama anayemchapa mtoto wa awali hatutamtetea.

Yanayotakiwa kabla shule hazijafunguliwa ni haya. Tafuteni vizibo, vifuu, magunzi, mbegu, vitambaa na maboksi kuanzia leo. Watoto wa nyumbani kwenu watawasaidia. Zana zilizofungiwa ziombeni kwa adabu kwa walimu wakuu, na anayekataliwa aniandikie, nitakwenda mwenyewe. Nunueni daftari moja la kurasa 96, kila mtoto apate angalau ukurasa wake. Wenye watoto wengi kupita kiasi waanze na kundi moja kwa siku, wengine wakiwa na mwalimu msaidizi au mzazi wa zamu, na wasione aibu kuanza na dakika 30.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Kila mmoja aje na daftari lake, atuchagulie mtoto mmoja bila kumtaja jina, atusomee alichokiona. Ambaye hatakuwa ameandika kitu aje vilevile, asikae nyumbani kwa haya. Tutampangia mwenzake wa karibu wa kwenda naye.

Wenu katika kazi ya watoto,

Mwenyekiti